Sadaka zafuata mwezi, dhiki yafuata mvua

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyejaalia jua na mwezi kuwa hesabu ya nyakati kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake wote.



Tumo ndani ya Shaaban 1447, na Ramadhani, mwezi ukiandama, inatarajiwa kutufikia katikati ya Februari 2026. Ni desturi ya safu hii kila Shaaban kukumbushana maandalizi ya funga: kulipa madeni ya saumu, kusafisha nyoyo, kupatanisha waliogombana. Hayo tutayarejea. Leo tumeona tulizungumzie jambo moja la kidunia lenye mizizi katika dini, nalo ni kufunga na kufungua kwa mikahawa na hoteli za watalii katika kisiwa cha Unguja, na hali ya familia zinazoishi kwa milango hiyo. Tumelichagua wakati huu kwa makusudi, kwa sababu neno la akiba huwa na faida likisemwa mfuko ungali na kitu.

Kisiwa chenye kalenda mbili

Wazee wetu walizijua nyakati za mwaka kwa upepo na mvua. Kaskazi ikivuma, majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliingia bandarini. Kusi ikigeuka, yalitweka matanga kurudi kwao. Baina yake kuna masika, mvua kubwa za kuanzia Machi hadi Mei, na vuli za mwisho wa mwaka. Biashara ilipanda na kushuka kwa hesabu hiyo, na aliyeishi kwa bandari alijua kuwa bandari hulala.

Leo mgeni haji kwa jahazi, lakini msimu haukuondoka. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Wageni hao hawakugawanyika sawasawa katika miezi kumi na miwili. Wengi huja tangu Juni hadi Oktoba, na tena Disemba hadi Februari. Aprili na Mei kisiwa hulowa. Ukipita Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa au Matemwe katika miezi hiyo, utakuta mageti yamefungwa kwa minyororo, viti vimepandishwa juu ya meza, na mafundi wawili watatu wakibadilisha makuti na kupaka rangi. Baadhi ya milango hiyo itafunguliwa Juni kwa jina lile lile. Mingine itafunguliwa kwa jina jipya na mpangaji mpya, na mingine haitafunguliwa tena.

Mwenye mkahawa ana hoja yake. Jenereta, umeme, kodi ya pango na mishahara ya watu ishirini haviwezi kulipwa na meza mbili zenye wageni wanne. Kufunga kwa mwezi mmoja na nusu humwokoa asifilisike, na humpa nafasi ya kutengeneza kilichoharibika. Hatusemi kuwa kufunga ni dhulma. Tunauliza hasara ya msimu inabebwa na nani.

Kwani mlango mmoja ukifungwa, haufungwi peke yake. Mpishi na mhudumu hukaa nyumbani. Mvuvi aliyekuwa akiuza pweza na ngisi wake jikoni kwa hoteli hulazimika kuuza kwa bei ya mnadani. Mkulima wa mboga hupoteza mteja. Dereva wa gari ya wageni huegesha gari. Mama anayepika wali wa mchana kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli huzima jiko lake, kwa kuwa wafanyakazi wenyewe hawapo. Hata mwani, ambao ndio pato la akina mama wengi wa pwani ya mashariki na hautegemei mtalii, huwa mgumu kukauka mvua inaponyesha siku baada ya siku. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Asipokuja mgeni, mwenyeji huugua kwa pamoja na jirani yake.

Hiyo ndiyo kalenda ya jua na mvua. Lakini Muislamu wa kisiwa hiki ana kalenda ya pili, ya mwezi, na hiyo nayo hufunga na kufungua mikahawa.

Milango ya Ramadhani

Ramadhani inapoingia, mikahawa ya mjini na vijijini inayohudumia wenyeji hufunga mchana. Hoteli za wageni huendelea nyuma ya mapazia na kuta zake. Baada ya Magharibi, mji hufunguka upya. Forodhani hujaa moshi wa mishikaki, na pembezoni mwa kila njia huonekana meza ambayo jana haikuwapo: sambusa, kachori, katlesi, mihogo ya nazi, ndizi mbivu, tambi, bokoboko. Mwanamke ambaye miezi kumi na mmoja hana duka huwa na duka lake kwa siku thelathini. Kwa hiyo Ramadhani si mwezi wa kufunga biashara tu, bali pia ni mwezi wa kufungua riziki ndogo ndogo, na mwezi ambao sadaka humiminika kuliko miezi yote. Wafadhili huleta mchele, tende, sukari na mafuta, matajiri hutoa zaka zao, misikiti hufuturisha.

Sasa tuziangalie kalenda hizi mbili kwa pamoja. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2020 iliingia mwishoni mwa Aprili. Mwaka 2021 iliingia katikati ya Aprili, na mwaka 2022 mwanzoni mwa Aprili. Katika miaka hiyo, Ramadhani na masika vilikuwa pamoja. Mkahawa uliofungwa kwa sababu ya mvua ungefungwa mchana kwa sababu ya funga vile vile. Aliyekosa mshahara kwa kukosekana wageni, alikosa katika mwezi ambao jirani zake walikuwa wakitoa. Pakiti ya futari ilimkuta na njaa.

Mwaka 2024 mwezi ulianza katikati ya Machi. Mwaka huu unaanza Februari. Mwaka 2028 utaanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 tutakuwa na Ramadhani mbili zinazoanza ndani ya mwaka mmoja wa miladi, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Yaani Ramadhani inaingia katikati kabisa ya msimu wa wageni. Haitarudi kukutana na masika mpaka miaka ya mwanzo ya 2050, watoto tunaowasomesha chuoni leo watakapokuwa na watoto wao.

Maana yake ni nini kwa familia? Ni kwamba mfanyakazi wa hoteli atafunga akiwa na mshahara, ataletewa futari akiwa na mshahara, atavisha watoto Iddi akiwa na mshahara wake wa mwisho, kisha, wiki mbili tatu baada ya Iddi, atafungiwa mlango. Mwaka huu Iddi inatarajiwa karibu na tarehe 20 Machi. Aprili itaangukia sehemu ya Shawwal na Dhulqaada. Wakati huo misaada imekwisha, mabohari ya misikiti ni matupu, mfadhili amerudi kwenye shughuli zake, na masika yanaanza. Iddi ya kuchinja nayo, mwishoni mwa Mei, itawakuta wengi bado hawajaitwa kazini.

Sadaka zetu zinafuata mwezi. Dhiki ya kisiwa inafuata mvua. Kwa miaka michache vilitembea pamoja, tukadhani tumezipanga vizuri. Sasa vinaachana, na tusipobadilisha mazoea yetu tutaendelea kumlisha mtu katika mwezi alioshiba na kumwacha katika mwezi wa njaa yake.

Fundisho la Maquraishi na la Nabii Yusuf

Uislamu haukutuacha bila mwongozo katika mambo ya misimu. Katika Suratu Quraysh, Allah (s.w.) anawakumbusha Maquraishi neema ya misafara yao miwili ya biashara, ya majira ya baridi na ya majira ya joto, na kuwataka wamwabudu Mola wa Nyumba hiyo aliyewalisha na kuwapa amani. Sura ni fupi na watoto wetu wote wanaihifadhi. Ndani yake kuna watu walioishi kwa msimu, wakaujua msimu wao, na wakatakiwa washukuru. Shukrani ya neema ni pamoja na kuitumia kwa akili.

Na katika Surat Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri: miaka saba ya mavuno, kisha miaka saba ya ukame. Hakuishia kutoa habari ya shida. Alitoa mpango, kwamba mazao yaachwe katika mashuke yake isipokuwa kiasi kidogo cha kula. Alijua kuwa njaa inakuja, akaanza kazi wakati wa shibe. Njaa ya Misri ilihitaji Nabii kuifasiri. Njaa ya Aprili haihitaji ndoto. Inajulikana tarehe yake kila mwaka.

Tulionywa vikali zaidi mwaka 2020. Machi ya mwaka ule ndege za wageni zilisimama kwa sababu ya maradhi ya korona, na kisiwa kikafungua tena milango yake kwa watalii mwezi wa Juni. Baadhi ya mikahawa ilikaa muda mrefu zaidi bila ya kufungua. Katika mwaka mmoja yalikusanyika masika, Ramadhani na maradhi. Waliokuwa na kitu cha akiba, hata kidogo, walivuka bila ya kuuza cherehani na vitanda vyao. Tusisahau haraka.

Kwa wenye hoteli na mikahawa

Kwanza tunasema na waajiri, hasa ndugu zetu Waislamu, kwani wao ndio wenye kushika ufunguo wa mlango.

Allah (s.w.) ameamrisha mwanzoni mwa Surat al-Maida kutimiza mikataba, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kushuhudilishana. Dini iliyoagiza deni liandikwe haiwezi kuridhia kijana afanye kazi misimu mitano bila karatasi hata moja. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, ipo, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) upo. Muajiri mchamungu hasubiri mkaguzi aje ndipo aandike mikataba na kupeleka michango.

La pili, mfanyakazi aambiwe mapema. Kumwita Ijumaa jioni na kumwambia kuwa kuanzia kesho hakuna kazi mpaka aitwe, ni kumnyima nafasi ya kujipanga. Ikiwa hoteli itafunga kuanzia katikati ya Aprili, hilo linajulikana Januari. Liandikwe ubaoni Januari, pamoja na tarehe ya kurudi na majina ya watakaorudi. Likizo ya mwaka yenye malipo ipangwe katika siku hizo za kufunga, ili angalau sehemu yake iwe na mshahara. Na kazi za ukarabati, za rangi, makuti na useremala, zitolewe kwanza kwa wafanyakazi wale wale wenye uwezo nazo, kabla ya kuletwa mafundi wa nje.

La tatu, haki ya mtu isizuiliwe. Mtume (s.a.w.) alisisitiza mno mfanyakazi apewe ujira wake bila kucheleweshwa. Kuufunga mlango huku mshahara wa Machi ukiwa haujalipwa, kwa ahadi kwamba utalipwa wageni wakirudi, ni kuifanya familia ya mpishi ikukopeshe bila ridhaa yake.

Kwa wenye majumba wanaopangisha mikahawa, tunakumbusha aya ya 280 ya Surat al-Baqara, inayotaka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mpangaji anayeomba kulipa kodi ya Aprili na Mei ifikapo Julai si lazima awe tapeli. Nyumba yenye mpangaji aliyezoea mtaa ni bora kuliko nyumba iliyofungwa mwaka mzima ikisubiri mwenye kulipa zaidi.

Jambo jingine ni la mchana wa Ramadhani. Tutaona hoteli zikijaa wageni wasiofunga, na vijana wetu wakiwahudumia kwa ndimi kavu. Hukumu za kazi hiyo tunawaachia masheikh, na kila mwenye shaka awaulize. Tunachowaomba wenye hoteli ni zamu zipangwe ili aliyefunga apate kufuturu kwa wakati na kuswali Tarawehe japo baadhi ya siku, na asipewe adhabu ya kukosa zamu zenye bakhshishi kwa sababu ya ibada yake.

Kwa baba na mama wa nyumba

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu analipwa shilingi 360,000 kwa mwezi, na anafanya kazi miezi kumi. Kwa mwaka amepata 3,600,000. Lakini anaishi miezi kumi na miwili, si kumi. Akizigawa fedha zile kwa kumi na mbili, mshahara wake wa kweli ni 300,000. Zile 60,000 za kila mwezi si zake za mwezi huo. Ni amana ya Aprili na Mei. Sehemu moja katika sita. Anayelipwa zaidi au pungufu atumie kipimo hicho hicho. Na bakhshishi, ambazo huja siku hizi za kaskazi na kupotea bila ya kuonekana zilikokwenda, ziwekwe kando zote kama inawezekana. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wenye michezo ya upatu wajaribu kupanga zamu za wafanyakazi wa hoteli ziangukie Aprili, badala ya kugombania zamu ya mwezi wa Iddi. Nguo ya Iddi iwe safi na nzuri, lakini haikuwa sharti iwe mpya kwa kila mtoto na kila mwaka. Mchele, unga, maharage na mafuta hununuliwa kidogo kidogo kuanzia sasa.

Tunahadharisha kwa namna ya pekee mikopo ya riba, ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wengi huichukua Machi kwa ajili ya sikukuu, wakitaraji kulipa Aprili kwa mshahara ambao hautakuwapo. Allah (s.w.) ameharamisha riba, na mwenye kuangalia kwa macho yake nyumba zilizotolewa vyombo nje ataiona hekima ya katazo hilo.

Mume amwambie mkewe ukweli. Wapo wanaoficha kwamba kazi imesimama, wakatoka asubuhi kama kawaida na kushinda barazani, mpaka siku deni la duka linapofichua. Nafaka ni wajibu wa mume, lakini wajibu huo haumkatazi kushauriana. Mke aliyeambiwa Februari kuwa Aprili hakutakuwa na mshahara hupunguza, hupanga, na pengine huweka meza yake ya sambusa na kuitunza faida. Mke aliyeshtukizwa Aprili huhisi amedanganywa, na kutoka hapo maneno huzaa maneno mpaka ndoa ikavunjika kwa sababu ya mvua. Mke naye amwonee huruma mume aliyesema kweli, asimlinganishe na jirani mwenye kazi ya serikali. Na wale wanaorudi kwao Bara au Pemba msimu ukifungwa, wakaacha wake na watoto kisiwani, wajue kwamba nauli ya kuondokea haitangulii chakula cha waliobaki.

Kwa kamati za misikiti

La mwisho linatuhusu sisi tuliopewa amana ya kuandika madaftari ya misikiti. Wanaogonga milango yetu Ramadhani huwa wengi; lakini wanaogonga Aprili huwa wazito zaidi, kwa kuwa ni watu wasiozoea kuomba. Huja usiku, husema wametumwa na mtu mwingine.

Zakatul-fitri ina wakati wake, na haicheleweshwi. Zaka ya mali nayo hutolewa inapotimu mwaka wake. Lakini sadaka za hiari, na michango tunayoikusanya wenyewe, hazikufungiwa mwezi mmoja. Tunapendekeza kila kamati, kabla ya Ramadhani hii kuingia, ikae na kuamua mambo matatu. Kwanza, orodha ya familia za mtaa zinazotegemea hoteli, iwekwe kwa siri na kwa heshima. Pili, wafadhili waombwe wagawe sadaka zao mafungu mawili, moja la Ramadhani na jingine la Dhulqaada, na waelezwe sababu yake waziwazi. Mfadhili akielewa hakatai. Tatu, ufunguliwe mfuko mdogo wa mkopo mwema usio na riba, utakaokopesha Aprili na kurejeshewa kuanzia Julai, wageni watakaporudi, kwa maandishi na mashahidi wawili. Kijana mwenye kazi ya msimu hahitaji kufanywa masikini wa kupewa. Anahitaji daraja la miezi miwili.

Ni lazima tuyafanye haya kuwa mazoea ya kudumu, maana, kama tulivyoona, kuachana huku kwa mwezi na masika ni kwa robo karne ijayo.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutarejea maandalizi ya funga yenyewe, na tutaanza na wenye kudaiwa saumu za mwaka uliopita. Tunamwomba Allah (s.w.) atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na imani, atuzidishie riziki ya halali katika msimu na nje ya msimu, na asiifanye neema ya kaskazi iwe sababu ya majuto ya masika.

Wabillahi tawfiq.